Mrejesho: Jumamosi nne za kusoma Isaya 10, na kwa nini elfu ishirini yangu siidai

Kuna watu kama watano wameniuliza kama ile kozi ya Biblia ya Jumamosi hapa Morogoro inafaa kulipia, kwa hiyo naandika yote mara moja. Jina la kanisa silitaji kwa sababu kuna mapungufu ntayasema na sitaki ionekane nawachafua. Ni Jumamosi nne, saa tatu asubuhi mpaka saa sita na nusu, ada elfu ishirini, ndani yake kuna kitini cha kurasa 32 na chai ya saa nne na nusu na maandazi mawili. Mwalimu ni mchungaji mstaafu, mzee wa makamo ya baba zetu. Na somo lote ni sura moja tu, Isaya 10, tena sio yote, ni mstari wa 5 mpaka wa 19. Nilipoona tangazo nikajiuliza hivi masaa yote hayo kwa mistari kumi na tano watu watakuwa wanasema nini.

Niseme kwanza kwa nini nililipa. Baba yangu alipigana vita vya Kagera. Alichukuliwa mgambo akiwa kijana wa miaka ishirini, akavuka mpaka na wenzake, 1979 akawa ndani ya Uganda, akarudi mzima akajifunza useremala na kazi hiyo ndo imetusomesha. Kanisani anaenda kila Jumapili, ila mhubiri akifika pale pa kusema Mungu alitupa ushindi, Mungu aliwachapa maadui, mzee anainamisha kichwa anaangalia viatu vyake mpaka maneno hayo yapite, nimeliona hilo tangu nikiwa mdogo wa kukaa katikati yake na mama. Mara moja tu nilimuuliza, akanijibu, "Mwanangu, niliona waliokufa wa kwetu na wa kwao, na wengine hawakuwa wa upande wowote, walikuwa na mbuzi wao tu barabarani." Basi tangazo liliposema "Vita, hukumu na mkono wa Mungu" nikaona ni la kwangu hilo.

Jumamosi ya kwanza ilianza vibaya. Projekta iligoma, fundi akaitwa, tumekaa dakika arobaini kwenye mabenchi yasiyo na mgongo, na kwaya ilikuwa inafanya mazoezi chumba cha pili na spika wazi. Baadaye mwalimu akasema aacheni hiyo mashine, akachukua chaki. Akatuuliza, nani anaukumbuka mstari wa 5 kwa kichwa? Watu wakanyoosha mikono, na kila aliyesimama alianza hivi, "Fimbo ya hasira yangu..." Watu saba, wote hivyo hivyo. Mzee akatwambia fungueni sasa msome. Tukafungua. Mstari unaanza "Ole wake Ashuru!" (Ashuru ni ule ufalme mkubwa wa vita wa zamani), ndo inakuja hiyo fimbo. Akageuka ubaoni akaandika OLE kubwa kuliko ubao wenyewe karibu, akasema hili neno halifutwi mpaka tumalize, na kweli halikufutwa, wiki nne lilikaa pale hata watoto wa Sunday school wakawa wanaandika pembeni yake.

Yani hapo tu mi nilishapata hela yangu. Nimesikia huo mstari ukihubiriwa labda mara ishirini maishani, Mungu akitaka kuchapa taifa anatumia taifa jingine, basi, anayechapwa amestahili na anayechapa ni mtumishi. Kumbe mstari wenyewe neno lake la kwanza ni ole, na ole hiyo inamwangukia fimbo.

Kwenye Biblia ya Union Version, hii tuliyokua nayo ya tangu 1952, mstari unaendelea kusema gongo lililo mkononi mwake ni ghadhabu yangu. Vijana nyuma wakacheka, si mnajua gongo kwetu ni ile pombe. Mwalimu hakuwakemea, akauliza tu, neno hilo mmelikuta wapi kwingine? Mama mmoja akasema Zaburi 23, gongo lako na fimbo yako vyanifariji. Ukumbi ukatulia. Maneno mawili yale yale, pale yanafariji, huku ni hasira. Akatuacha nalo, akasema nendeni nalo nyumbani, hakulifafanua, na nashukuru hakulifafanua.

Kitu ambacho mwalimu huyu anakiweza ni historia. Sio ile ya kutaja majina ili uonekane umesoma. Alianza na mfalme Ahazi wa Yuda, ambaye alivamiwa na majirani zake wawili, Shamu (Siria ya zamani) na Israeli ya kaskazini, akaogopa, akachota fedha na dhahabu ya hekaluni akampelekea mfalme wa Ashuru akimwambia mimi ni mtumwa wako njoo uniokoe. Ipo 2 Wafalme 16. Yani fimbo yenyewe waliialika, tena wakailipia nauli kwa sadaka. Dameski, mji mkuu wa Shamu, ikaanguka 732 KK mbele ya Ashuru, Samaria ya Israeli ikaanguka 722, na mwaka 701 Ashuru hao hao wakaja kwa Hezekia mtoto wa Ahazi na jeshi la mfalme wao Senakeribu. Alipofika hapo mwalimu akasema msiseme Mungu aliwashushia Ashuru kutoka juu kama mvua, angalieni njia aliyopita, amepita kwenye woga wa mfalme, kwenye tamaa ya mfalme mwingine, kwenye barua na kwenye hela. Hilo ndo alilotaka tulielewe kuhusu Mungu kutawala mambo, kwamba matukio yanatembea kwa miguu yake ya kawaida kabisa na bado hayajatoka mkononi mwake.

(Kitini kina jedwali la miaka, ila kurasa ya 11 na 12 fotokopi imefifia huoni kitu, na hawajaeleza kwamba miaka ya KK inahesabiwa kushuka, dada niliyekaa naye alihangaika wiki mbili nzima kwa nini 722 inakuja kabla ya 701. Mambo madogo lakini mtu amelipa.)

Na sababu ya hukumu je? Hapa pia nilikuwa sijui. Sura ya 10 haianzii mstari wa 5, inaanza na ole nyingine, kwa wanaotunga sheria zisizo za haki, wanaowanyima maskini haki yao, wajane wakawa mateka yao na yatima mawindo yao. Ukirudi sura ya 5 ni wale wanaoongeza nyumba juu ya nyumba na kuunga shamba kwa shamba. Mwalimu akauliza nani hapa amewahi kukaa baraza la ardhi la kata. Mikono mitatu. Akawaambia basi Isaya alikuwa anaongea na nyinyi kabla hajaongea na Ashuru. Mzee mmoja kati ya wale watatu alifunga Biblia yake akabaki ameshika kidevu mpaka chai.

Jumamosi ya pili ndo iliyokuwa bora na ndo iliyoharibika, zote mbili. Alikuja na picha kubwa, ameziprinti karatasi kubwa akaziunga kwa selotepu, akazibandika ukutani. Ni picha za kuchonga kwenye mawe kutoka jumba la Senakeribu kule Ninawi, mji wake mkuu, siku hizi ziko British Museum, London. Zinaonyesha mji wa Lakishi ukitekwa, mji wa Yuda huo, wa mwaka ule ule 701. Tuliambiwa tusogee. Nimesimama pale na pua karibu na karatasi. Kuna kilima kimejengwa cha udongo na mawe kupandia ukutani, na kilima chenyewe kipo mpaka leo kule Lakishi. Juu yake kuna mtambo wa kubomolea ukuta, na ndani ya mtambo askari mmoja ana upawa mrefu anaumwagia maji kwa mbele, kwa sababu watu wa ukutani wanatupa mienge ya moto ili uungue. Askari huyo ni kama kidole kwa ukubwa. Halafu upande wa kulia familia zinatoka, mkokoteni wa ng'ombe, wanawake wamekaa juu ya mizigo na watoto. Watu watatu wametundikwa kwenye miti. Na mwisho kabisa mfalme amekaa kwenye kiti chake cha enzi nyara zinapita mbele yake, ila uso wake umekwanguliwa, mtu fulani wa zamani aliupiga makusudi. Nilikaa na huo uso uliokwanguliwa kuliko vyote.

Halafu akatusomea maneno ya Senakeribu mwenyewe, yale yaliyoandikwa kwenye udongo wa kuchomwa, kwamba aliteka miji 46 ya Hezekia yenye ngome, na Hezekia mwenyewe akamfungia Yerusalemu kama ndege kwenye tundu. Hadai kwamba aliiteka Yerusalemu. Na mwalimu hakuficha kwamba hesabu hazilingani, 2 Wafalme 18 inasema Hezekia alilipa talanta (kipimo cha uzito cha zamani) 300 za fedha, Senakeribu anaandika 800, dhahabu wote wanasema 30. Halafu akaturudisha Isaya 10 mstari wa 14, pale Ashuru anajisifu kwamba ameokota mali za mataifa kama mtu anavyookota mayai kiotani na hakuna aliyetikisa bawa wala kufungua kinywa. Kiota na tundu. Mfalme na nabii wanaongea lugha moja, ila mmoja anajisifu na mwingine anaandika mashtaka.

Hapo ndipo mama mmoja akanyoosha mkono. Ni wa Bukavu, kule Kivu, mashariki ya Kongo, yuko hapa kwa ndugu zake. Nakumbuka maneno yake vizuri maana nilikuwa nimekaa nyuma yake. "Mwalimu, niko na ulizo. Nyumba yetu ilichomwaka, na kaka yangu alikufa mule. Pasta mmoja alikuja kutuambia ni azabu ya Mungu juu ya zambi za Kivu. Sasa hii fasi ya Isaya, inasema huyo pasta aliongea ukweli?"

Na mwalimu, sijui ni uchovu au ni saa, akamjibu pole sana mama, mapenzi ya Mungu hatuyajui yote, hilo tutaligusa wiki ya nne, twendeni chai. Aisee. Watu walikunywa chai kimya. Mi nilikasirika kabisa, nikasema kama hiki kitu hakiwezi kujibu swali hilo basi miji 46 na talanta 800 ni mapambo tu, na nikamwambia mke wangu siendi tena.

Nilienda. Na Jumamosi ya tatu mzee alisimama kabla ya maombi, kabla hata ya kusalimia, akasema, "Mama yangu wa Bukavu, wiki iliyopita nilikujibu kama mtu anayeikimbilia chai. Nisamehe." Akakaa kwenye kiti, hakuwa kwenye mimbari, akaongea naye kama tupo sebuleni. Alisema Isaya aliweza kuiita Ashuru fimbo kwa sababu aliambiwa, na alipoambiwa aliwaambia watu wa nyumbani kwake mwenyewe, tena wakubwa wenye hati za mashamba, hakwenda kwa mjane wa Lakishi anayetoka na mkokoteni akamwambia umestahili. "Mimi sijatumwa kukwambia Kivu inaungua kwa dhambi gani. Na huyo pasta naye hakutumwa." Akafungua Luka 13, watu waliomletea Yesu habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, na Yesu akataja wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara Siloamu, mnadhani walikuwa wakosaji kuliko wote? Nawaambia, sivyo. Basi akasema mimi nitasimama kwenye hiyo sivyo. Ila kuna kitu kimoja naweza kukwambia kutoka Isaya 10 bila kuogopa, ni mstari wa 12, Bwana akiisha kutimiza kazi yake atamwadhibu mfalme wa Ashuru kwa moyo wake wa kiburi. Aliyeichoma nyumba yenu ataulizwa. Kama alijiona anaadhibu kwa niaba ya Mungu, bado ataulizwa.

Yule mama hakusema mengi. Aliomba aandikiwe ule mstari wa 12 kwenye karatasi kwa herufi kubwa ili aupige picha amtumie dada yake. Kijana wa nyuma, mmoja wa wale waliocheka gongo, ndo alimwandikia.

Baada ya hapo mwalimu akafungua Isaya 36 na hapa naomba msome wenyewe maana mi nilitetemeka. Amiri wa Senakeribu amesimama nje ya ukuta wa Yerusalemu anapaza sauti kwa Kiyahudi ili watu wote wasikie, na anawaambia kwamba Bwana mwenyewe ndiye aliyemtuma aje aiharibu nchi hii. Mnaona? Ni karibu maneno yale yale ya Isaya. Nabii kasema Mungu ameituma Ashuru, na amiri wa Ashuru anasema Mungu ametutuma. Tofauti ipo kwenye mstari wa 7 wa Isaya 10, "hivyo sivyo akusudiavyo mwenyewe", moyoni mwake anataka kuharibu tu na kukatilia mbali mataifa. Kusudi la Mungu ni moja, la mfalme ni jingine, tukio ni lile lile, na kila mmoja anahesabiwa kwa kusudi lake. Kama ndugu zake Yusufu, mliyakusudia mabaya Mungu akayakusudia kuwa mema, na ubaya wao haukugeuka wema kwa sababu hiyo. Mwalimu alitaja mfano wa Calvin, yule mwanatheolojia wa zamani, kwamba jua likiupiga mzoga unanuka, lakini harufu ni ya mzoga, hakuna mtu anasema jua linanuka. Kwa hiyo mwenye bunduki akikwambia Mungu kanituma, hata kama kuna namna ambayo Mungu hajapoteza usukani, huyo mtu kinywa chake hakina haki ya kulisema hilo. Nimeliandika kwenye kitini kwa kalamu nyekundu.

Alipitia pia Hezekia na mfereji wake chini ya mwamba, kama mita 533, wachimbaji wametoka pande mbili wakakutana katikati, maji yakaingia birika la Siloamu, Yerusalemu, Siloamu ile ile ya mnara. Isaya 22 haiwalaumu watu wa Yerusalemu kwa kuchimba, inawalaumu kwamba walichimba wasimwangalie aliyeyapanga. Hii nilitaka ichukue muda zaidi, iliguswa juu juu.

Jumamosi ya nne ilinyimwa haki yake. Ukumbi ulikuwa umeahidiwa kwa sherehe, saa tano na nusu watu wa mapambo wakaanza kuingiza viti na vitambaa wakati mwalimu bado anafundisha. Mstari wa 15 wa shoka na msumeno ulipewa nafasi nzuri, je, shoka lijisifu juu yake alitumiaye. Mwisho wa Ashuru pia, Senakeribu akauawa na wanawe 681, Ninawi ikaanguka 612 kwa Wababeli na Wamedi. Lakini Isaya 37:36, malaika kupiga watu 185,000 kambini kwa Ashuru usiku mmoja, ilipewa dakika tano, tukaambiwa Mungu ni mwaminifu, tukafunga kwa maombi huku mtu anapuliza maputo. Kwa kozi inayoitwa hukumu na mkono wa Mungu huwezi kupita hapo kwa dakika tano. Waandaaji kama mnasoma, ukumbi muuhifadhi mpaka saa saba, na ile fotokopi muirudie.

Jioni ile nilienda kwa baba na kitini. Alikuwa karakana, siku hizi anakaa tu anawaelekeza vijana, mgongo haumruhusu kushika randa. Nikamsomea mstari wa 15 maana nilijua msumeno utamvuta. Akanitaka nirudie. Nikamwonyesha picha za Lakishi kwenye simu, akavaa miwani, akaikuza kwa vidole, akapita mfalme, akapita waliotundikwa, akasimama kwa yule askari wa upawa wa maji. Akamwangalia sana. Nikamweleza wale 185,000, nikamsomea OLE na mstari wa 12, adhabu ya kiburi cha mfalme.

Akaniuliza, "Na huyu wa maji?"

Nikasema vipi baba. "Huyu wa maji. Mfalme alikuwa na kiburi, sawa, kaandikwa. Huyu alichukuliwa kijijini kwao akapewa upawa. Naye alikuwa kambini usiku ule?"

Sikuwa na jibu, kurasa zote 32 nimezigeuza halimo. Nilimtumia mwalimu lile swali kwa meseji kama lilivyo, nikamwambia limetoka kwa askari. Akajibu kesho yake alfajiri kwamba hawezi kulijibu kwa meseji, na kwamba awamu ijayo, inaanza Jumamosi ya kwanza ya mwezi, hataanza na Ahazi, ataanza na mtu wa maji, kama mzee wangu atakubali kuja kuliuliza mwenyewe. Baba amesema nimlipie, ila nimtafutie kiti chenye mgongo.